Mifupa Iliyogeuka Buluu

Ploti yetu ilikuwa upande wa chini wa Waithaka, kule Dagoretti pembezoni mwa Nairobi, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea kijito. Ilikuwa nafuu kuliko za jirani zetu wa juu kwa sababu ya huo mteremko, na kwa sababu msimu wa mvua maji yalisimama kwenye kona ya chini hata nyasi za pale zikaota ndefu na nene. Mume wangu alisema maji si neno, msingi ukichimbwa vizuri nyumba itasimama. Tulikuwa tumeishi miaka mingi katika nyumba ya kupanga nyuma ya Adams Arcade, sebule na chumba kimoja, dirisha likitazama ukuta. Mtu aliyekaa hivyo hachagui sana.

Mimi ni mtu wa maabara ya shule. Sifundishi. Naosha vyombo vya kioo, nachanganya asidi, naandaa meza za wanafunzi kabla ya mtihani, kisha nasafisha baada yao. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya bima mjini, mpole, nadhifu, anayejipigia pasi mashati yake Jumapili jioni. Kwao ni Ukambani, kwetu ni magharibi, upande wa Kakamega. Tulikutana kwaya ya kanisa, tukaoana mbele ya watu waliotupigia vigelegele, na ndugu wa pande zote mbili wakala pamoja bila maneno.

Shida yetu ilikuwa watoto. Mimba ya kwanza iliharibika mapema, kabla hata sijawaambia watu wa kazini. Ya pili ilikua. Nilikuwa nimeanza kuyahisi mateke. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, hakulia, na mume wangu ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi akamshika, kwa sababu mimi sikuweza. Yeye ndiye aliyezungumza na watu wa hospitali kuhusu yaliyofuata. Aliporudi pembeni ya kitanda changu aliniambia tu kwamba wameshamaliza, nami sikuuliza zaidi. Tangu hapo hatukulizungumzia tena jambo hilo. Tulizungumzia nyumba. Tulichora vyumba nyuma ya kalenda za zamani, tukabishana jiko litazame wapi. Nadhani ile nyumba ambayo haijajengwa ndiyo iliyotuweka pamoja muda wote ule.

Mwishowe tukapata fundi. Alikuwa mwenyeji wa Waithaka, mtu wa makamo, na nyumba nyingi za barabara ile alikuwa amezijenga yeye. Alikuja na vijana wake wakaanza kuchimba msingi kutoka juu kushuka chini. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu, ule ule unaochafua viatu vya kila mtu Dagoretti, na kazi ilikwenda haraka. Walipofika kona ya chini, wekundu ukaisha. Chini yake kulikuwa na udongo wa kijivu, mzito, unaonata kwenye koleo, unaonuka kama yai bovu, na maji yakaanza kujaa shimoni taratibu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimewapelekea chai na mikate, fundi akaniita.

“Madam, kuja uone hii kitu.”

Ndani ya ule udongo kulikuwa na mifupa. Mingi ilikuwa midogo, mingine imevunjika vipande, na mingine mikubwa kidogo. Vijana walikuwa wamesimama mbali na shimo wakijifuta mikono kwenye suruali. Nilishuka nikaokota mmoja. Ulikuwa umefunikwa na kitu cheupe kama unga uliolowa, na pale ulipokatikia, ndani ya uwazi wa mfupa, kulikuwa na vipande vidogo vinavyong’aa kama kioo, vyenye ukijani wa mbali kama chupa ya soda iliyooshwa. Nilishangaa tu, sikuogopa. Niliona taya lenye meno mapana ya mnyama anayetafuna majani, nikamwambia fundi hii ni mifupa ya mbuzi na ndama, asiwe na wasiwasi. Fundi akakubali. Wakaitoa yote wakairundika kando ya shimo, wakaenda zao. Nilifunga kibanda cha mabati walimoweka zana, nikatia ufunguo mkobani, nikarudi nyumbani.

Mama mkwe alikuwa amewasili kutoka Ukambani siku hiyo hiyo. Alitaka kuuombea msingi kabla mawe hayajawekwa. Naomba nisieleweke vibaya kumhusu. Hakuwa mwanamke mbaya. Kila alipokuja Nairobi alibeba gunia la mbaazi na mahindi, na nilipompoteza yule mtoto wa pili ndiye pekee kwenye ukoo wao aliyekuja kunifulia nguo. Nilimpenda. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda Waithaka sote watatu. Fundi pia alikuja, amevaa koti lake la kanisani. Tulipokaribia kona ya chini mume wangu ndiye aliyesimama kwanza.

Mifupa ilikuwa buluu. Haikuwa na kivuli cha kijivu au kijani ambacho macho yanaweza kujidanganya nacho. Ilikuwa buluu kama wino wa shule, kama ile buluu tuliyokuwa tukisuuzia sare nyeupe tulipokuwa wadogo. Ule unga mweupe wote ulikuwa umegeuka, na juu ya udongo uliochimbwa kulikuwa na madoa ya rangi ile ile, kana kwamba mtu amepita akinyunyiza rangi.

Fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba jana waliiacha ikiwa myeupe, na vijana wake wote wanaweza kusema hivyo. Mama mkwe aliinama akaitazama bila kuigusa. Kisha akauliza ni nani aliyelala hapa. Nikamwambia hakuna aliyelala.

“Ufunguo wa hapa anao nani?”

Nilimjibu kwamba ninao mimi, lakini ni wa kibanda tu, ploti haina hata ua. Aliomba sala fupi sana kuliko kawaida yake, akaomba turudi nyumbani, na njia nzima aliushikilia mkoba wake kifuani.

Jumatatu wale vijana hawakurudi kazini. Fundi alinipigia simu akaniambia kwamba yeye mwenyewe hana shida, ila mmoja wao amemwambia mama yake na mama amewaambia wengine, na sasa barabara nzima inasema kwamba kwa ile ploti ya chini kumefukuliwa watoto wachanga. Nilimkumbusha lile taya. Akasema anakumbuka, na kwamba amewaambia, lakini watu wameshika la kwao.

Mama mkwe naye alikuwa ameshika la kwake. Alikuwa bado kwetu, akilala sebuleni, na sasa alikula kidogo na kuomba sana. Nikipika ugali aliutazama kwanza. Aliacha kunywa chai niliyotengeneza mimi, akawa anajipikia yake kwenye sufuria ndogo akidai sukari yangu ni nyingi. Mume wangu aliyaona yote haya. Nilipomuuliza, alisema nimpe muda, mama ni mtu mzima, ameshtuka.

Muda nilimpa, lakini na mimi nilitaka kujua. Nilikuwa nimebeba kipande kimoja cha mfupa nikakifunga kwa kitambaa, na siku moja saa ya chakula cha mchana nikakipeleka mjini kwa mwanamke niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi katika maabara ya madini kwenye ghorofa za juu za jengo moja karibu na stesheni ya reli. Hatukuwa tumeonana muda. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamwekea kile kitambaa mezani badala ya kumjibu.

Alikifungua akacheka, cheko la mtu aliyekutana na rafiki mahali asipomtarajia.

“Hii umetoa wapi?”

Nilimweleza. Alichukua lenzi akaangalia, akakwaruza ile buluu kwa ukucha na ikakwaruzika, laini kama chaki. Akatoa kijipande chenye kung’aa, akakibandua kwa ncha ya wembe, kikatoka karatasi nyembamba inayopinda bila kukatika. Akadondosha asidi, kikayeyuka. Aliniambia jina lake ni vivianiti, na kwamba si kitu kingine ila chuma na fosfati vilivyoshikana pamoja na maji.

Alinieleza kwa utaratibu, na mimi nilisikiliza kama mwanafunzi. Mifupa imejaa fosfati. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, wekundu wenyewe ni kutu. Ukiufunika udongo huo kwa maji yasiyotembea, pamoja na nyama na damu inayooza, hewa yote inaisha huko chini. Vijidudu vinavyoozesha vikikosa hewa vinaigeukia ile kutu, na chuma kinaachana nayo na kuyeyuka majini. Kinasafiri hadi kinapokutana na fosfati inayotoka kwenye mifupa, na hapo vinashikana na kuwa jiwe, polepole, juu ya mfupa na ndani yake. Kule gizani jiwe hilo halina rangi. Likitolewa nje, hewa na mwanga vinaanza kugeuza sehemu ya chuma kilichomo, hakigeuki chote, na mchanganyiko wa chuma kilichogeuka na ambacho bado ndio unaoleta buluu. Wakati mwingine ni dakika chache, wakati mwingine ni usiku mmoja. Alisema linapatikana kwenye matope ya maziwa, kwenye mabomba ya maji machafu, na kwenye makaburi yenye unyevu.

Kisha akauliza kama karibu na ploti yetu kuliwahi kuwa na kichinjio.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kila mtu anayeijua Dagoretti anajua habari ya nyama na vichinjio vyake. Jioni ile nilimuuliza jirani yetu wa juu, bibi mwenye ng’ombe anayeuza maziwa, naye akaniambia bila hata kufikiri kwamba zamani, kabla hajaolewa, kulikuwa na banda dogo la kuchinjia juu ya lile bonde, na mifupa na kwato zilitupwa chini kwenye majimaji. Banda lilibomolewa, nyasi zikaota, watu wakasahau. Nilipanda ule mteremko nikihisi mwepesi, kama mtu aliyepona.

Nyumbani niliwaeleza mezani, mume wangu na mama yake, yote kama nilivyoelezwa. Mume wangu alielewa. Nilimwona akielewa, kwa sababu aliuliza swali la maana, kwamba je, ile buluu inaweza kudhuru saruji. Nikamwambia tutauondoa udongo wote wa kijivu na kujaza mawe. Akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekunja mikono. Akasema yeye hakusoma, hajui mambo ya chuma na maji, lakini tangu azaliwe amefukia mbuzi na ng’ombe wengi na hajaona mfupa ukigeuka buluu. Nikamwambia kwao ni kukavu, udongo una hewa. Akasema labda.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililiona la busara. Ni kazi yangu kwa siku nyingi kuwaandalia watu jaribio ili waone kwa macho yao. Nilimwambia mama, twende Jumamosi, tuchimbe mfupa mpya mbele yako, ukiwa mweupe, kisha tukae hapo hapo tuutazame ukigeuka mchana, bila mtu kuondoka. Akakubali. Alikubali haraka hata nikafurahi.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali. Fundi alikuja peke yake na koleo. Tulimweka mama kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mume wangu akasimama nyuma yake. Fundi alishuka akakata bonge la udongo wa kijivu kutoka ukutani mwa shimo, mahali ambapo hapajaguswa, akaniletea. Nililivunja kwa mikono yangu. Ndani mlikuwa na mfupa wa mguu wa mbuzi, mwembamba, na nilipouvunja ule unga ulikuwa mweupe kabisa. Nikauweka kiganjani nikamsogelea.

“Tazama, Mama. Ni mweupe?”

“Ni mweupe,” alisema.

Nikasimama hapo mbele yake na kiganja wazi. Nilizungumza nikimweleza kwamba sasa hewa inauingia, sasa mwanga unaupiga. Kwa muda hakuna kilichotokea na nikaogopa kwamba siku hiyo utagoma. Kisha pembeni pakaanza rangi hafifu, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Ikaenea. Haikwenda haraka, ila ukitazama pembeni na kurudi unakuta imezidi. Fundi alikuwa amechuchumaa akisema, eh, eh, kwa sauti ya chini. Moyo wangu ulikuwa umejaa furaha ya kijinga. Nilitabasamu. Kufikia hapo mfupa ulikuwa na buluu ya anga la asubuhi, na hata mtoto asingebisha.

“Umeona? Ni hewa tu, Mama.”

Mama mkwe aliinuka kitini.

“Nimeona,” alisema. “Umegeuka mkononi mwako.”

Sikuelewa mara moja. Nilimwambia ungegeuka mkononi mwa yeyote, nikamnyooshea aushike mwingine, bado kulikuwa na bonge lingine la udongo. Alirudi nyuma mikono akiificha ndani ya leso. Nikamgeukia mume wangu. Nilivunja bonge lile, nikatoa mfupa mweupe, nikamwambia shika wewe basi, mama aone. Aliutazama ule mfupa. Akamtazama mama yake. Akatia mikono mifukoni.

Aliyeuchukua ni fundi. Aliushika kiganjani mwake kama nilivyofanya mimi, akasubiri kwa subira, na ukageuka. “Hata yangu imegeuka, mathe,” alimwambia. Lakini mama alikuwa ameshapanda mteremko, mume wangu akimshika mkono asiteleze, na hakuna hata mmoja aliyeangalia nyuma.

Nilirudi peke yangu nikawakuta sebuleni. Nilipika kwa sababu ilikuwa saa ya kupika. Tulipoketi kula, mama mkwe aliisukuma sahani yake katikati ya meza akaniuliza swali ambalo naamini alikuwa amelibeba tangu ile Jumapili ya kwanza.

“Wale wajukuu wangu wawili, ulisema walibaki hospitali. Nani aliona?”

Nilimtazama mume wangu, kwa sababu jibu lilikuwa kwake. Kati yetu sote, na kati ya watu wote duniani, yeye ndiye aliyemshika yule mtoto. Yeye ndiye aliyejua alifunikwa na nini, alikabidhiwa nani, mlango gani. Ilimhitaji aseme neno moja tu. Angesema, mimi, Mama. Mimi niliona.

Alivuta sahani yake akanawa mikono.

“Mama, tule kwanza,” alisema.

Wakala. Nilikaa pale nikiwatazama wakila chakula changu. Yule mama ambaye hakunywa chai yangu kwa siku kadhaa alikula siku hiyo, na sijui mpaka leo kwa nini. Labda alikuwa ameshapata alichokuwa akikitafuta.

Mume wangu alimrudisha mama yake Ukambani kesho yake. Aliporudi hakufungua begi. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaniambia kwamba ameamua ploti iuzwe. Nilimuuliza kama anaamini kwamba nilifukia watoto kule chini. Akakasirika kwa mara ya kwanza, akasema asiulizwe upuuzi, yeye alikuwa hospitali, yeye anajua.

“Mweleze mama yako, basi.”

“Nikimweleza atasema umenifunga macho.”

Nilimwambia acha aseme. Nilikuja kuona baadaye kwamba hakuwa akimwogopa mama yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa amepata mlango wa kutokea ambao hakulazimika kuufungua mwenyewe. Wengine wangekuwa wameshika mlango huo kwa ajili yake, na yeye angepita kwa upole, shati limepigwa pasi. Nimemwona akifanya hivyo kwa mambo madogo maisha yetu yote, akiwaacha watu wengine waseme hapana ili yeye abaki mtu mzuri.

Alihama kabla ya mvua. Wajomba zake na kaka zangu walikaa kikao sebuleni kwangu, wakanywa soda, na hakuna aliyetaja mifupa. Walisema tumeshindwa kuelewana. Kaka yangu mkubwa alitaka kuleta maneno, nikamkataza. Ningeanza wapi? Ningewaeleza wazee wale habari ya chuma na fosfati? Nilikuwa nimeshajaribu kuwaonyesha watu ukweli mchana kweupe, kiganjani, na ndio uliotumika kunihukumu. Hata yule rafiki yangu wa maabara, nilipompigia kumwambia yaliyotokea, alinishauri nimpeleke mama mjini ili aelezwe na wakubwa wake. Alinitakia mema. Nilimshukuru, na sikumpigia tena kwa muda mrefu.

Kanisani walinihurumia kwa namna yao. Wanawake wa kikundi cha maombi walikuja kunitembelea, wakaimba, wakaomba nifunguliwe kutoka kila kifungo. Mmoja wao alipokuwa akiondoka alinishika bega akaniambia kwamba Mungu husamehe lolote, hata yale tusiyoweza kuyasema. Alikuwa na nia njema. Nilimfungulia mlango na kumshukuru, kisha nikaacha kwenda kanisa lile.

Ploti ilinunuliwa na mtu ambaye hakuuliza chochote. Fundi ndiye aliyenipasha habari, maana yeye ndiye aliyepewa kazi. Alinipigia simu kama mtu anayeungama, akaniambia ana watoto wa kusomesha, nisimkasirikie. Sikumkasirikia. Alisema walijaza lori kwa ule udongo wa kijivu na mifupa yake yote, wakaenda kuumwaga sehemu, wakajaza mawe, wakamwaga zege, na juu yake wakajenga vyumba vya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Vijana wale wale waliokimbia walirudi kuchimba, kwa sababu mwenye ploti mpya hakuwa na mke wa kuelekezewa kidole. Vyumba vilijaa hata kabla rangi haijakauka. Siku moja nilipita kule kumwona bibi wa maziwa, nikaona nguo za watoto wachanga zimeanikwa kwenye kila baraza. Hakuna aliyewahi kuwaambia lolote, na nisingeenda kuwaambia mimi. Niliangalia tu kuona kama kuta zimepasuka kule kona ya chini. Hazikuwa zimepasuka. Fundi yule anajua kazi yake.

Mimi bado niko shule. Nimehamia chumba kimoja, kwa sababu mtu mmoja hahitaji sebule. Wanafunzi wananiita madam na wananipenda, nadhani, kwa sababu sipigi kelele wakivunja kioo. Walimu wa kemia wamebadilika mara kadhaa. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama najua madini yoyote yanayobadilika rangi, ya kuwaonyesha watoto. Nikamwambia sijui.

Mwaka huu nilikutana na mume wangu wa zamani mbele ya duka kubwa la Adams Arcade. Amenenepa. Alikuwa na msichana mdogo mwenye soksi nyeupe, aliyejificha nyuma ya mguu wake nilipomsalimia. Nilisikia zamani kwamba alioa, hiyo haikuwa habari mpya. Alinisalimia kwa heshima, akauliza kazi, nikamwambia iko. Kisha akatazama chini akasema mama yake amelazwa hospitali moja kule Kilimani, ni figo, na madaktari hawasemi mengi.

“Anakuulizia,” alisema.

“Anauliza nini?”

Alisita. Sitamdhulumu, alisita kweli. “Anauliza kama ulipata mtoto.”

Nilimtazama yule msichana, ambaye sasa alikuwa akinichungulia kwa jicho moja. Sikutaka kusema lolote mbele yake. Nikamwambia baba yake amsalimie mama. Akasema labda nikienda kumwona atatulia, kwamba sasa ni mtu mwingine, analia ovyo, na kwamba yeye mwenyewe alijua siku zote kuwa mimi sikuwa na kosa. Alilisema hilo kama zawadi aliyoniwekea. Nikamwambia najua kwamba alijua. Nadhani alifikiri namshukuru, kwa sababu alitabasamu.

Sikwenda hospitali. Kutoka kwangu hadi kule ni mwendo wa kutembea tu, na kila jioni baada ya kazi nilikuwa na nafasi. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikala, nikalala. Mama alifariki kabla mwezi haujaisha, na wanawake wa lile kanisa la zamani walinitumia ujumbe wa mazishi kana kwamba bado niko kwenye familia. Wengine walipiga simu kunieleza kwamba marehemu alinitaja mwishoni, na kwamba nisipoonekana watu watasema. Niliwaambia waache waseme. Jumamosi ya mazishi ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Niliwahi shuleni, nikapanga vyombo mezani, nikajaza chupa za asidi, nikawafungulia wanafunzi mlango.